Kompresa ya upepo kwenye pikapu ya Malindi: waya kwanza, tanki baadaye

Swali: "Salaam aleikum fundi. Nina Hilux dizeli dabo-kebini ya 2012, nakaa Malindi. Kila wiki napita njia za mchanga za Mambrui na Ngomeni, na mara nyingine natoka kwa barabara ya Sala kuelekea Tsavo. Nimechoka na pampu ya kuchomeka kwenye tundu la sigara. Nimenunua kompresa ya volti 12 ya silinda moja, nataka ifungwe kabisa kwenye gari. Fundi wangu anasema aifunge chini ya bodi kando ya tairi la spea, umeme auchukue kwenye waya wa trela kule nyuma, halafu niongeze tanki la lita 10 ili matairi yajae haraka. Nikubali?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mtu anayepunguza upepo wa matairi kila wiki ili apite mchangani anahitaji kompresa ya kufungwa, kwa hiyo ununuzi wako ni sahihi. Lakini katika hayo matatu aliyokwambia fundi wako, mahali, umeme na tanki, usikubali hata moja. Kompresa ya silinda moja ni mota ndogo inayosukuma pistoni ndogo, na kazi yake ni ngumu. Kinachoiua ni joto, chumvi na umeme hafifu. Joto na chumvi tunavyo hapa pwani mwaka mzima. Umeme hafifu tunautengeneza wenyewe kwa kutumia waya mwembamba. Pesa ya tanki itie kwenye waya, fyuzi na kibao imara cha kufungia.

Tanki nianze nalo kwa sababu hesabu yake ni fupi. Tairi la 265/65R17 lina nafasi ya takriban lita 70 ndani. Ukilishusha hadi psi 16 kwa ajili ya mchanga, kisha ukalirudisha hadi 35, unahitaji kuingiza karibu lita 90 za hewa ya kawaida. Matairi manne ni lita 360. Tanki la lita 10 lililojaa hadi psi 120 linaweza kutoa kama lita 60 tu kabla halijashuka usawa na tairi. Hiyo ni theluthi mbili ya tairi moja. Lita 300 zilizobaki zitatoka kwenye kompresa yenyewe, kwa mwendo wake ule ule. Na ili kulijaza hilo tanki, kompresa imelazimika kusukuma hadi psi 120, mahali ambapo inakwenda polepole kuliko kote na kupata moto kuliko kote. Tanki lina maana ukitaka kutumia bunduki ya upepo ya kufungulia nati, honi ya upepo, au kurudisha mdomo wa tairi uliotoka kwenye rimu, maana hapo unataka upepo mwingi kwa mpigo mmoja. Kwa kujaza matairi, liache.

Kompresa iliyoandikwa lita 60 kwa dakika hutoa pungufu ya hapo inapokutana na mgandamizo wa tairi. Ihesabie kama 45. Basi matairi manne ni dakika nane hivi, bila kuhesabu muda wa kuhama kutoka tairi hadi tairi. Ikiwa yako imeandikwa 30 au 35, jiandae kwa robo saa au zaidi, na katikati huenda ukahitaji kuipumzisha.

Sasa umeme, na hapa ndipo ningependa usimame na fundi wako mpaka aelewe. Kompresa ya ukubwa huo hula ampea 25 hadi 30 ikiwa kazini. Soma kibandiko chake upate namba kamili. Mimi nitachukua 28. Waya wa trela kwa kawaida ni wa milimita mraba 1.5 hadi 2.5. Toka betri hadi nyuma ya pikapu na kurudi ni kama mita 10 za shaba. Kwa waya wa 2.5, ampea 28 zitapoteza karibu volti 2 njiani. Altaneta inatoa 13.8, kompresa inapata 11.8. Mota ya aina hii ikipata volti pungufu inazunguka polepole, kwa hiyo inakaa muda mrefu zaidi kazini na feni yake haiipoozi vya kutosha. Ikibidi ianze kuzunguka wakati tayari kuna upepo uliobanwa kichwani, inaweza kukwama, na mota iliyokwama huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, huungua hapo.

Kuna hatari nyingine iliyo mbaya kuliko hiyo. Fyuzi ya trela haitabeba ampea 28, itakatika. Atakayefuata ataweka fyuzi kubwa zaidi, na kuanzia siku hiyo kinacholindwa si waya tena. Waya mwembamba utapata moto ndani ya kifungu cha waya za taa, mahali usipopaona. Tundu la sigara nalo ni vivyo hivyo. Fyuzi yake huwa ya ampea 10 au 15.

Kompresa ikifungwa ndani ya boneti, karibu na betri, jumla ya kwenda na kurudi inaweza kuwa mita 3 tu. Kwa waya wa milimita mraba 6 hasara ni kama robo ya volti, na hiyo inakubalika kabisa. Ukilazimika kuifunga nyuma ya kiti ndani ya kebini, jumla ni kama mita 5, basi tumia waya wa milimita mraba 10. Hasara itakuwa ile ile.

Dukani nenda na kisu. Kuna waya mnene unaouzwa kwa ajili ya spika za magari, kwa bei ya chini, ambao ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Vua kipande cha mpira, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa ncha ya kisu. Ukiona wekundu juu na weupe ndani, urudishe. Upinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba halisi, na kwenye hewa ya chumvi unageuka unga mweupe pale ulipobanwa. Ukiona weupe juu na wekundu ndani, huo ni waya wa shaba uliopakwa bati, ule wa kwenye boti. Huo ndio unaoufaa Malindi. Mafundi wa boti za injini wanajua pa kuupata. Shaba tupu nayo inafaa, ila ukikosea kuziba ncha, kutu ya kijani inapanda ndani ya mpira kimyakimya na baada ya misimu miwili ya kusi utaukuta waya umeoza kwa sentimita kadhaa huku nje unang'aa.

Fyuzi ya ampea 40 ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye chanya ya betri. Nunua ile ya kufungwa kwa bolti. Vishikio vya fyuzi za kuchomeka, hasa vile vya bei nafuu, hulegea, vikalegea hupata moto, na utakuta plastiki imeyeyuka ilhali fyuzi yenyewe nzima. Kutoka kwenye fyuzi waya uende kwenye rilei ya ampea 40, yaani swichi kubwa inayowashwa kwa umeme mdogo, mguu namba 30. Mguu namba 87 uende kwenye kompresa. Swichi ya dashibodi isibebe umeme wa kompresa hata kidogo. Iwashe rilei tu, ambayo kwa kazi hiyo inahitaji chini ya robo ya ampea. Chukua umeme wa swichi mahali panapopata umeme ufunguo ukiwashwa, kupitia fyuzi ndogo ya ampea 3, upite kwenye swichi ya dashibodi, kisha kwenye swichi ya mgandamizo, ile inayozima kompresa upepo ukijaa, halafu mguu namba 86. Namba 85 ni hasi. Kwa mpangilio huo, ukizima gari kompresa haiwezi kujiwasha usiku na kukumalizia betri kwa sababu kapla, kile kiungo cha kuchomekea mpira wa upepo, imevuja.

Mafundi wengi huipitisha njia kuu ya umeme kwenye swichi ya mgandamizo kwa sababu kibandiko chake kinasema inavumilia. Inavumilia kwa muda. Kila inapokata ampea 28 inatoa cheche ndani, na siku moja vidole vyake vinashikana. Hapo kompresa haizimi tena, na kinachokuokoa ni vali ya usalama peke yake.

Hasi ya kompresa ivute hadi kwenye betri kwa waya wa unene ule ule. Kama kichwa cha hasi cha betri yako kina kijisanduku cha kupimia mkondo, fungia upande wa bodi, usifungie juu ya nguzo ya betri, la sivyo kompyuta ya gari haitahesabu umeme unaotumika. Ukifungia kwenye bodi, kwangua rangi mpaka chuma kionekane, funga, kisha paka grisi juu baada ya kukaza. Lagi, vile vichwa vya chuma vya ncha za waya, zibanwe kwa koleo lake maalumu, si kwa kugongwa kwa nyundo, na kila moja ivalishwe mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Kuchomea risasi peke yake usikubali. Waya unakuwa mgumu pale risasi ilipoishia na kwenye mtikisiko unakatikia hapo hapo.

Kuhusu mahali. Chini ya bodi kando ya spea ni mahali pabaya kuliko pote kwa njia unazopita. Kuanzia Gongoni hadi Marereni ni nchi ya mashamba ya chumvi. Tope lake likirushwa na tairi linakauka juu ya mota na kubaki na unyevu wake, kwa sababu chumvi huvuta maji ya hewani. Mchanga wa Mambrui unaingia kwenye kichujio. Ukivuka maji ya mvua yaliyofika kwenye ekseli, kompresa iliyo moto inazama ghafla na kuvuta maji kupitia kila upenyo.

Ndani ya boneti ni pazuri zaidi, ila chagua upande. Angalia ekzosi inatokea wapi kwenye injini na turbo iko wapi, kisha nenda upande mwingine. Acha walau sentimita 20 kati ya kompresa na chochote kinachopata moto mkali, na iwe juu ya usawa wa tairi. Mapezi ya kichwa cha silinda yapate hewa inayopita, yasibanane na ukuta. Kichujio kisitazame tundu la gurudumu. Ikiwa kompresa yako inaruhusu kichujio kuhamishwa kwa mpira, kipeleke juu kabisa karibu na kioo, palipo pakavu na pa baridi kidogo. Kabla hujatoboa chochote, weka kompresa mahali pake kwa mkono, funga boneti polepole juu ya kipande cha udongo wa kufinyanga au sifongo, uone nafasi iliyobaki. Injini ya dizeli hutikisika ikizimwa; acha sentimita 3 pande zote zinazoelekea injini.

Nyuma ya kiti ndani ya kebini ni pakavu na hapana vumbi, na kompresa itakaa miaka mingi. Kelele yake ni kubwa, lakini unaitumia ukiwa nje. Kama boneti yako imebanana, usiogope kuchagua hapo.

Kibao cha kufungia kiwe cha bamba la chuma la milimita 3, kilichopakwa rangi baada ya kutobolewa, si kabla. Njia za vumbi za Tsavo zina vijituta mfululizo kama bati la paa, na bamba la milimita 1.5 linapasuka kwenye kona ya tundu la bolti. Usiruhusu kuchomelea chuma kwenye gari. Kama hakuna njia nyingine, betri ifunguliwe kwanza. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu na nati zenye plastiki ndani, na upake grisi kwenye hesi kabla ya kufunga. Kibao cha alumini kikigusana na bolti za chuma katika hewa hii huliwa na kuwa unga mweupe, hivyo kiache hata kama muuzaji anakusifia wepesi wake.

Njia ya upepo ina mtego mmoja ambao unamaliza siku nzima ya mafundi wengi: hesi mbili zinazofanana kwa macho. Vifaa vya mabomba vinavyouzwa madukani kwetu ni vya BSP, kipimo cha hesi cha Kiingereza. Kompresa nyingi, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, ni za NPT, kipimo cha Kimarekani. Robo inchi ya BSP ina meno 19 kwa inchi, ya NPT ina 18. Vinaingiana mizunguko miwili au mitatu, kisha vinakaza, na fundi anadhani amefika. Vinavuja, anaongeza nguvu, kichwa cha alumini kinapasuka. Kikazwe kwa mkono kwanza: kisipoingia kwa ulaini mizunguko mitatu au minne, si chake. Nunua adapta halisi.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba izungushwe mara mbili au tatu, kwa mwelekeo ule ule wa kukazia, na jino la kwanza liachwe wazi. Kipande cha tepu kikiingia ndani kinakwenda kukaa kwenye vali ya njia moja, nayo haitafunga tena.

Upepo unaotoka kwenye kichwa cha kompresa ni wa moto wa kuunguza mkono. Nusu mita ya kwanza iwe mpira wenye suka la chuma nje, unaostahimili joto. Bomba la plastiki la buluu likifungwa moja kwa moja kwenye kichwa linalainika na kuchomoka. Baada ya hapo weka kipande cha kugawia chenye matundu manne: swichi ya mgandamizo, vali ya usalama, geji ndogo, na kapla ya kutolea upepo. Swichi ya kuwasha kwenye 90 na kuzima kwenye 120 inafaa. Vali ya usalama ifunguke juu kidogo ya hapo, mfano 150, na iwe chini ya kiwango cha juu cha kompresa na cha mpira wako. Siku ukiongeza tanki, weka vali ya njia moja kati yake na kompresa, na koki ya kumwagia maji mahali pa chini kabisa pa tanki. Kwa unyevu wetu utashangaa kiasi cha maji kitakachotoka.

Kapla iache ndani ya boneti, karibu na ukingo, ikiwa na kifuniko cha mpira. Ikiwekwa kwenye bampa inajaa mchanga. Hilux yako ina urefu wa zaidi ya mita 5, kwa hiyo mpira wa kujazia uwe wa mita 8 ili ufike tairi la nyuma upande wa pili bila kuvutana.

Kazi ikiisha, usiichukue gari kabla ya vipimo viwili. Cha kwanza ni cha umeme. Injini ikiunguruma, kompresa ikijaza tairi, weka testa kwenye volti: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya kompresa. Isome. Kisha fanya hivyo upande wa hasi. Kila upande usizidi volti 0.25. Ikizidi, pita kila kiungo kwa mkono baada ya dakika tatu za kazi. Kile chenye moto ndicho kibaya. Kipimo cha pili ni cha upepo. Acha kompresa ijaze hadi izime yenyewe, zima swichi, subiri robo saa ukitazama geji. Ikishuka, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Usiache mvujo mdogo eti si neno, kwa sababu bila tanki kiasi cha upepo kilichomo kwenye njia ni kidogo sana, na mvujo huo utaifanya kompresa iwake na kuzima kila dakika chache. Kila kuwaka ni kuanza dhidi ya mgandamizo.

Dalili zitakukuta, uzijue. Rilei ikilia trrr kama inatetemeka, volti zinashuka pale inapopata umeme wake. Tafuta kiungo kibovu au betri iliyochoka. Mota ikinguruma bila kuzunguka, fungua kapla utoe upepo. Ikianza, kuna upepo uliokwama kichwani. Ikizima yenyewe katikati ya tairi la tatu na swichi bado inawaka, ni kinga ya joto, wala haijaharibika. Iache ipoe ndani ya boneti iliyo wazi. Kiwango cha kazi kilichoandikwa asilimia 33 kina maana ya dakika 10 za kazi na 20 za kupumzika, na kwa kawaida kimepimwa kwenye joto la chini kuliko la Januari ya kaskazi hapa kwetu.

Unapojaza, injini iwe inawaka, mizunguko 1,000 hadi 1,200 kwa dakika. Geji ya mpira inaonyesha namba ya juu kuliko ya tairi wakati upepo unapita. Iachie kifyatulio, subiri itulie, ndipo usome. Kwenye mchanga laini wa Ngomeni anza na 18, ushuke hadi 16 ikibidi, na uendeshe polepole bila kukata kona kwa ghafla, tairi lisije likatoka kwenye rimu. Kwa njia za vumbi za Tsavo, 26 hadi 28 inapunguza mtikisiko na matairi hayakatwi na mawe kirahisi.

Kichujio kikung'utwe kila unaporudi kutoka Tsavo na kibadilishwe kikishakuwa cheusi. Usitie mafuta ndani ya kompresa kama imeandikwa haitumii mafuta. Pete ya pistoni yake imetengenezwa kwenda kavu, na mafuta yakichanganyika na vumbi yanakuwa tope la kusagia silinda. Miezi ya kusi, kila wiki mbili, futa mota na viungo vya umeme kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi, kaushe, kisha pulizia dawa ya kuzuia kutu juu ya lagi. Usiipige kwa mashine ya kuoshea magari. Waambie vijana wa kuosha kabla hawajafungua boneti.

Mwonyeshe fundi wako hesabu ya waya. Kama atakubali kuvuta waya mpya wa milimita mraba 6 wenye fyuzi na rilei yake, mwachie kazi yote.